Somo la Moyo Alilotuachia Mama Mifumo

"Halipigwi, mjomba! Nimeshasema halipigwi!"

"Litapigwa. Wewe nani wa kumfunga mdomo dada yangu?"

"Ni mama yangu!"

"Alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako. Kaa chini."

Wasikilizaji wapendwa, hayo mliyoyasikia si mchezo wa redio. Kipaza sauti kimefunguliwa mapema, nanyi mmeingia studioni katikati ya ugomvi. Sitaomba radhi. Mtu akikuta watu wanagombana sebuleni, ama anarudi mlangoni, ama anaketi asikie wanagombania nini. Ketini.

Wanagombania hivi. Leo tunamkumbuka mwalimu aliyefundisha katika chuo cha uuguzi hadi siku aliyokufa. Alifundisha jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi. Ninyi mlimwita Mama Mifumo. Amefariki, na tumeshamzika. Katika maktaba ya redio hii kuna masomo yake, kwa sauti yake mwenyewe, kila mfumo wa mwili na somo lake. Tuliwatangazia kwamba leo, mwisho wa kipindi, tutapiga somo la moyo. Ndilo mnalolipenda kuliko yote. Ndilo mnaloliomba kila mara.

Binti yake hataki lipigwe. Kaka wa marehemu anataka lipigwe.

Mbele yangu wameketi watu watatu. Binti wa marehemu ni muuguzi, alisomeshwa na mama yake darasani kama wengine. Amekuja na sare ya kazi kwa sababu ametoka zamu. Kaka wa marehemu ni kinyozi. Na mume wa marehemu ni seremala. Ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa.

Nimemgeukia yeye. Nimemwambia, "Mzee, sauti ni ya mkeo. Ukisema lipigwe, litapigwa. Ukisema lisipigwe, halipigwi. Wengine wote ni kelele."

Amenijibu polepole. "Kwanza waeleze alikuwa nani. Halafu nitasema."

Basi nitawaeleza, naye atasikiliza pamoja nanyi.

Alizaliwa wa kwanza, na kaka yake huyu alimfuata. Mama yao alikuwa anafua nguo za watu, na kutwa hakuwepo nyumbani. Kwa hiyo dada ndiye aliyemlea mdogo wake. Alimlea kwa amri na makofi, kinyozi anasema, na nusu ya chakula chake.

Siku moja mdogo mtu alitembea juu ya ukuta wa jirani, akaanguka, akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga plasta. Dada alikuwa na kazi moja tu, kumbeba kumpeleka chooni na kumrudisha. Alifanya hivyo mpaka plasta ikakatwa.

"Ilipokatwa," kinyozi anasema, "mguu wangu ulikuwa mwembamba kama mwiko. Mimi nikalia. Yeye akamvaa daktari. Akamuuliza, 'Umeutengeneza na nini?' Daktari akasema, 'Mimi sikutengeneza kitu. Nimeushika tu usicheze. Mfupa umejiunga wenyewe.' Basi. Huyo dada akaharibika. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula kuku nyumbani kwetu kwa amani. Kila mfupa anauvunja, anachungulia ndani, anasema, 'Ona, huu ulikuwa hai.'"

Hilo ndilo somo la kwanza alilowapa watu maisha yake yote. Mfupa si jiwe. Mfupa una damu, una mishipa, unajibomoa na kujijenga kila siku. Ndani ya mifupa mikubwa ndimo damu mpya inamozaliwa. Alikuwa akiwaambia wanafunzi, "Mnaogopa fuvu la pale kabatini? Mnatembea nalo, na lenu ndilo linalofanya kazi."

Hakuwa mwalimu wa kukaa. Mfumo wa chakula aliufundishia uwanjani. Alikuwa na kamba ndefu, urefu wa utumbo wa mtu mzima. Wanafunzi walisimama wakiishika, imekunjwa huku na huku, kwa sababu tumbo ni dogo na utumbo ni mrefu. Wa kwanza alikuwa mdomo. Aliyefuata alikuwa koo, halafu tumbo, halafu utumbo mwembamba, halafu utumbo mpana. Chungwa lilipitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja alipaza sauti kueleza anachokifanya. Natafuna. Nasukuma. Namwaga asidi. Nafyonza chakula na kukipeleka kwenye damu. Nafyonza maji.

Na wa mwisho kwenye kamba? Wa mwisho alikuwa yeyote aliyechelewa darasani siku hiyo.

"Mwalimu, kwa nini mimi?" mmoja aliwahi kulalamika.

"Kwa sababu umefika mwisho," akamjibu. "Haya, fanya kazi yako, wenzako wanakusubiri."

Binti yake ameniambia kwamba siku ya kamba hakuna mwanafunzi aliyechelewa.

Figo alizifundisha kwa mkoba wake. Watu wengi hudhani figo ni chujio, kwamba zinanasa uchafu na kuutupa. Yeye aliugeuza mkoba wake juu ya meza, kila kitu kikamwagika. Funguo, kitana, risiti kuukuu, pipi, miwani. Kisha akarudisha kimoja kimoja, vile anavyovihitaji tu. Vilivyobaki mezani akavifagilia kwenye pipa. "Hivyo ndivyo figo zinavyofanya," alisema. "Hazitafuti uchafu. Zinamwaga karibu kila kitu nje, halafu zinaokota kinachofaa na kukirudisha kwenye damu. Maji, chumvi, sukari, vyote vinarudi. Mkojo ni kile ambacho hakuna aliyekitaka." Mimi mwenyewe nilisikia somo hilo nikiwa nyumbani nafua, nikaacha kufua. Nilisoma baiolojia hadi chuo, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Mapafu aliyafundisha kwenye ngazi za jengo la chuo. Wanafunzi walipanda mbio hadi juu, wakafika wanahema. Hapo ndipo alipowauliza, "Mnahema kwa nini?" Wote walijibu kwamba wamekosa hewa safi. Akasema, "Hapana. Hewa safi mnayo bado. Misuli yenu imetoa hewa chafu nyingi, imejaa kwenye damu, na ubongo umeigundua. Ubongo unasema, itoeni. Ndipo msuli mpana ulio chini ya mapafu unashuka na kupanda kwa kasi."

Kuhusu neva na homoni, alituchekesha sana hapa studioni. Alisema, "Neva ni simu. Ubongo unampigia mtu mmoja, anaitika papo hapo, mazungumzo yamekwisha. Homoni ni redio. Tezi inatangaza kwenye damu, na mwili mzima unapitiwa na tangazo. Anayeitika ni yule tu mwenye masikio ya kulisikia." Halafu akanitazama, akaongeza, "Na kama redio, haina haraka, na ikishaanza kuongea haikomi."

Huyo ndiye Mama Mifumo. Mwalimu wa jinsi mwili unavyofanya kazi. Sasa nifike kwenye moyo.

Seremala alikutana naye chuoni. Alikwenda kurekebisha viti vya maabara. Mwalimu akamwambia, "Fundi, unaweza kunichongea moyo?" Akasema anaweza. Baada ya siku chache akaleta moyo wa mbao, umepigwa msasa, unang'aa. Mwalimu akaugeuza, akaugonga kwa kidole.

"Huu umejaa mbao tupu," akasema. "Huu ni moyo wa mnafiki. Vyumba viko wapi?"

Seremala hakujua kwamba moyo una vyumba. Akachukuliwa darasani, akaketi nyuma na wasichana wa mwaka wa kwanza, akafundishwa. Moyo una vyumba vinne. Viwili vya kulia vinapokea damu iliyorudi kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Viwili vya kushoto vinapokea damu iliyotoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Katikati kuna ukuta. Na kuna milango, na kila mlango unafunguka upande mmoja tu, damu isirudi ilikotoka.

Milango, seremala aliielewa mara moja. Alirudi karakana, akapasua moyo katikati, akachimba vyumba, akaweka milango ya ngozi inayofunguka upande mmoja. Aliporudi nao, mwalimu alimwaga maji juu, yakapita yalikotakiwa kupita, hayakurudi nyuma. Basi akaolewa naye. Nafupisha, lakini si kwa kiasi kikubwa.

Somo la moyo alilirekodi hapa, kwenye studio hii, moyo ule ukiwa mezani. Katika somo hilo anasema, "Moyo huu alinichongea mume wangu. Wa kwangu sijauona, lakini wa kwake nimeufungua nikaona kilichomo." Anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, na hatukukata. Katika masomo yote tuliyonayo, hapo tu ndipo anapomtaja mumewe. Hapo tu ndipo anapocheka hivyo.

Na katika somo hilohilo kuna jambo jingine.

Anaeleza kwamba moyo umejaa damu lakini hauinywi. Unalishwa na mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje. Mshipa mmoja ukiziba, kipande cha moyo kinaanza kufa. Hilo ni kweli. Anaeleza kwamba ubongo hauna dirisha kifuani. Habari za moyo zinapanda kwa njia ileile inayopandisha habari za mkono, na ubongo unachanganya, unadhani ni mkono unaoumia. Hilo nalo ni kweli.

Kisha anauliza kwa sauti, "Moyo unalia wapi?" Na wanafunzi aliokuja nao wanajibu, "Mkono wa kushoto!" Wote wanashika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Anamalizia, "Mkono mzima, moyo mzima."

Kila muuguzi aliyepita kwake anakijua kitendo hicho. Walikifanya darasani, walikifanya kwenye mahafali, walifanyiana kwa utani wodini. Kinyozi anasema, "Dukani kwangu ndio usiseme. Somo likipigwa, nina wembe shingoni mwa mtu, dada akisema 'moyo unalia wapi,' mteja anarusha mkono. Nimeshakata watu wawili. Na kesho yake wanarudi."

Mkono mzima, moyo mzima. Shikeni hayo maneno. Ndiyo yaliyomuua.

Ilikuwa wiki ya mitihani ya vitendo. Kwa siku kadhaa alikuwa amechoka, uchovu ambao haukuwa wake. Alipopanda ngazi zile alisimama katikati na kujifanya anatazama uwanja. Seremala alimwona akiketi kitandani asubuhi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anakitazama tu. Alimuuliza, akaambiwa ni mitihani.

Siku yenyewe aliamka taya linamuuma. Akasema ni jino. Alipofika chuoni aliona kichefuchefu na uzito juu ya tumbo, na mgongo ukamkaza katikati ya mabega. Akatokwa jasho la baridi, na hapakuwa na joto. Walimu wenzake wakamzunguka. Wengi wao walikuwa wanafunzi wake. Mmoja akamuuliza alilofundishwa kuuliza, "Mama, mkono wa kushoto?"

Akauinua mkono wake wa kushoto, akauzungusha hewani kama mpiga ngoma wa gwaride. "Mkono huu hapa, mzima!"

Wakacheka. Wote wakacheka, na yeye pia. Walikuwa wametulia. Wakampa vidonge vya kiungulia.

Akampigia binti yake, ambaye alikuwa zamu katika hospitali iliyo ng'ambo ya uwanja wa chuo. Binti naye akauliza. Haya ni maneno yake, nayasema kwa ruhusa yake: "Nilimuuliza, 'Mama, mkono?' Akasema mzima. Nikamwambia, 'Basi ni gesi, umekunywa chai bila kitu. Lala kidogo, nikitoka napita.'"

Akaenda kulala katika chumba cha mazoezi ya uuguzi. Kitandani palikuwa na sanamu la mtu, ambalo wanafunzi hujifunzia kuhudumia mgonjwa. Wanafunzi wakaliondoa, wakaliketisha kwenye kiti, wakamtandikia mwalimu wao shuka safi. Wakatoka na kufunga mlango polepole apumzike.

Waliporudi kumwamsha aje kusimamia mtihani, alikuwa hapumui. Wakafanya walichofundishwa. Wakamlaza chali, wakabonyeza kifua, mmoja anahesabu, mwingine anapuliza. Daktari aliyekuja mbio aliniambia kwamba hajawahi kuona watu wakibonyeza kifua vizuri hivyo. Walibonyeza vizuri kabisa. Haikusaidia kitu.

Amekufa ndani ya chuo cha uuguzi, wasikilizaji wapendwa. Amezungukwa na watu aliowafundisha mwenyewe, ng'ambo ya uwanja kuna hospitali. Hakuna aliyempuuza. Wote walimpenda, wote waliuliza swali lile, na yeye alilijibu kweli. Mkono ulikuwa mzima.

Daktari wa moyo aliiita familia na kuieleza, na mimi nikamwomba anieleze vilevile. Alisema moyo ukikosa damu, wengi huumwa kifua, wanaume kwa wanawake, na baadhi maumivu hushuka mkononi. Lakini wapo ambao maumivu huenda tayani, shingoni, mgongoni, au juu ya tumbo. Wapo wanaoona kichefuchefu, jasho la baridi, kukatika pumzi, au uchovu mkubwa tu. Miongoni mwa hao, wanawake ni wengi. Njia ni ileile aliyoifundisha Mama Mifumo. Ubongo hauna dirisha kifuani. Unaweza kudhani ni mkono, na unaweza kudhani ni taya.

"Alijua sababu," binti yake anasema. "Sababu yote aliieleza yeye. Akaishia mkononi, kwa sababu mkono ni rahisi kuushika."

Maneno hayo aliyasema kabla hatujaingia hewani, nyimbo zikipigwa, na kinyozi alimjibu. Alisema kila mwalimu hukosea, na kwamba dada yake ameokoa watu wengi kwa mkono ule wa kushoto kuliko aliowapoteza.

"Umewahesabu, mjomba?" binti akamuuliza.

"Nani anahesabu watu wazima wa afya?"

"Basi na mimi siwezi kuwahesabu wangu. Nimekaa mapokezi ya wagonjwa tangu nimalize chuo. Wanakuja wanawake, mmoja anashika tumbo, anasema taya, anasema mgongo. Namuuliza mkono. Anasema mzima. Nampa dawa ya kiungulia, anasema asante sista, anakwenda nyumbani. Wamekwenda wapi wale? Unajua wewe? Mimi sijui. Njiani kila mwanamke ninayemwona nadhani ndiye, halafu siye."

Kinyozi akaketi. Wauguzi waliosoma kwa mama yake wametapakaa katika kila zahanati, na kila mmoja anauliza swali lile kwa nia njema. Hatuwezi kuwaita wote warudi darasani leo. Wakati tunaongea hapa, mahali fulani mwanamke anainua mkono wake mzima.

Mmetutumia jumbe za rambirambi. Nazisoma kama mlivyoziandika, na seremala ananisikiliza.

Wa kwanza: "Poleni sana familia. Mama Mifumo hatutamsahau. Mkono mzima, moyo mzima!"

Mwingine: "Mwanangu wa darasa la tatu anajua moyo unalia wapi. Asante mwalimu."

Mwingine, dereva: "Juzi mke wangu aliumwa mgongo na kutapika usiku kucha, tukaogopa ni moyo, nikakumbuka Mama Mifumo, mkono mzima, tukalala. Mungu amrehemu."

Dereva, kama unanisikia, mpeleke mkeo hospitali sasa hivi. Sitanii. Acha redio.

Zimebaki nyingi. Nimezipitia zote. Zote ni za upendo, na karibu zote zina maneno yale.

Seremala ameweka kofia mezani.

"Hilo somo liko wapi?" ameniuliza.

Nimemwambia liko ndani ya kompyuta hiyo, na ni hilo moja tu. Halijawahi kutoka hapa ila kwa mawimbi.

"Tusipolipiga leo?"

"Nitakwambia ukweli, mzee. Mimi sitalipiga. Lakini nikiwa likizo, mtangazaji mwingine atalikuta, atasikia anavyocheka, atalipiga. Watu wataomba, naye atawapa."

Kinyozi amesimama. "Shemeji, usilifute. Nipe nakala basi. Nitalisikiliza peke yangu, chumbani, mlango nimefunga."

"Ukiwa nalo utalipiga dukani, shemeji. Nakujua."

"Naapa."

"Hata mimi ningeapa."

"Ni sauti ya dada yangu! Ndipo anapocheka!"

"Ndipo anaponitaja mimi," seremala amesema. "Kwingine kote ni figo na matumbo. Unadhani sijui ninachopoteza?"

Kinyozi amefungua mlango wa studio, ametoka. Sijui kama atarudi.

Wasikilizaji wapendwa, kabla mzee hajanyanyuka nitoe rambirambi, kwa sababu baada ya hapa sitakuwa na nafasi. Kwa seremala, mumewe: pole, baba. Kwa binti: pole, mwanangu, na usiku ukiwa mrefu nipigie, namba unayo. Kwa kinyozi, popote ulipo kwenye ngazi za jengo hili: pole, kaka. Kwa walimu na wanafunzi wa chuo, mliomtandikia shuka safi: poleni sana. Mama Mifumo alitufundisha jinsi mwili unavyofanya kazi, akatufundisha vizuri, akakosea mahali pamoja. Tumfikirie hivyo, mzima mzima. Na kila mmoja wetu anayefundisha mtu, iwe darasani, iwe jikoni kwake, ajiulize leo: ni jambo lipi ninalolisema kwa uhakika, na watu wanaliamini kwa sababu tu wananipenda? Mimi nina watoto wanne, na nimeanza kujiuliza. Sipendi ninayoyapata.

Seremala amenyanyuka. Ninawaeleza kwa sababu hamuoni. Amezunguka meza. Fundi mitambo amempisha kiti, lakini hakuketi. Nimemwonyesha somo lilipo, lina jina la mkewe na neno moja, moyo. Nimemwonyesha pa kubonyeza kulifuta. Kompyuta inamuuliza kama ana uhakika. Fundi mitambo naye amemuuliza kama ana uhakika.

Anafuta miwani kwa shati. Anaivaa.

Amebonyeza.

Limefutika. Nimetafuta tena mbele yake, halipo. Figo ipo, mapafu yapo, mifupa ipo. Moyo haupo.

Anarudi kwenye kiti chake, hatazami mtu. Zimebaki dakika za lile somo, na hakuna kitu cha kuzijaza. Nimemwambia binti yake avute kiti, asogee karibu na kipaza sauti, azungumze kama anavyozungumza na mgonjwa. Amesema hawezi. Nimemwambia najua huwezi, sogea.

Amesogea. Kipaza sauti ni chake.

"Mimi ni muuguzi. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na mkono wake wa kushoto haukumuuma hata kidogo."